Diski ya Upande wa Bwana Harusi

Ukipewa diski ya harusi iliyochoka, usiipime kwa kutazama mwanzo wake. Mwanzo karibu kila mara hucheza: majina ya maharusi yanazunguka, maua yanaanguka kutoka juu, taarabu inapigwa. Ruka uende mwisho. DVD huandikwa kuanzia karibu na tundu la katikati kwenda nje, kwa hiyo diski ikijaa, dakika za mwisho za sherehe hulala ukingoni, pale vidole vinaposhika na pale gundi inayoshikanisha matabaka yake mawili inapoanza kuachia. Tena mashine nyingi za kuchomea diski huongeza kasi kadiri zinavyokaribia ukingo, na wapiga video wa harusi ni watu wenye haraka. Ndiyo maana katika diski nilizopitia, kilichopotea mara nyingi ni kukata keki, zawadi, na wazee wakiwausia maharusi.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga, wala sijasomea mambo ya video. Niliingia katika kazi hii ya kugeuza diski za harusi kuwa mafaili kwa sababu ya bibi yangu. Deki yake iliacha kusoma, fundi akaifungua akasema lenzi imekwisha na ya kubadilisha haipatikani kwa bei ya maana. Wakati huo mjomba alikuwa amemletea televisheni bapa inayopokea flashi. Ikawa bibi ana televisheni nzuri kuliko aliyowahi kuwa nayo, na droo nzima ya harusi, maulidi na mahafali ya wajukuu ambayo hawezi kuitazama. Diski zenyewe zimeandikwa kwa maka peni: "Harusi Disk 1", "Harusi Disk 2", bila jina la mtu wala mwaka. Na huu ni ukoo unaooa na kuozesha kila msimu.

Laptopu yangu haina tundu la diski, kama nyingi za siku hizi. Nikaagiza Kariakoo kisomeo cha nje, kile cha kuchomeka kwa USB. Ukienda kununua, tafuta ambacho waya wake una vichwa viwili vya USB. Tundu moja la laptopu ya zamani hutoa umeme kidogo, na kisomeo kikikosa nguvu huanza kugonga na kuzunguka upya, halafu kinaisingizia diski. Nimewahi kuletewa diski "iliyokufa" ambayo haikuwa na ugonjwa wowote ila njaa ya umeme ya kisomeo cha mwenyewe.

Maelekezo mengi ya kugeuza DVD kuwa faili ni mafupi: tia diski, fungua HandBrake (programu ya kugeuza video), chagua muundo, bonyeza Start, kanywe chai. Kwa diski nzima hakuna ubaya. Kwa diski ya miaka kumi na mitano iliyokaa Tanga kwenye joto na upepo wa chumvi, mimi sifanyi hivyo. Kusoma diski ni kazi moja na kugeuza video ni kazi nyingine. Ukizichanganya, kila utakapogundua kwamba sauti imekosewa au picha imebanwa itabidi diski itoke kwenye kava, ishikwe, iingie tena kwenye kisomeo. Kila kuitoa ni nafasi ya mkwaruzo mpya. Kwa hiyo kwanza naichukua yote kama ilivyo, iwe faili moja la ISO kwenye hadi diski, kisha diski inarudi kwenye kava na haiguswi tena. Majaribio yote yaliyobaki nayafanya kwenye hilo faili, hata mara ishirini nikitaka.

Watu hulalamika kwamba ISO zinakula nafasi. Diski ya kawaida ya tabaka moja hubeba gigabaiti 4.7 (Windows itakuonyesha 4.37, ni hesabu tu), maana yake hadi diski ya terabaiti moja inaingiza zaidi ya diski 200 zikiwa zimejaa pomoni. Ukoo gani una harusi 200? Shida ya kweli ipo kwenye flashi. Nyingi huja zikiwa zimepangwa kwa mtindo wa FAT32, ambao haukubali faili moja kufika gigabaiti 4. Utaambiwa nafasi haitoshi na huku flashi ni tupu. Ipange upya kwa exFAT, mradi televisheni yako inaisoma.

Kabla ya yote, diski ioshwe. Maji ya vuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, na kipande cha kanga kuukuu iliyolainika kwa kufuliwa. Futa kutoka katikati kwenda nje kwa mistari iliyonyooka, kamwe usizungushe, kwa sababu mkwaruzo unaofuata mzunguko unafunika data nyingi zinazofuatana na kisomeo kinashindwa kuzirekebisha, ilhali mkwaruzo unaokatiza kina uwezo wa kuuruka. Wale wa kupaka dawa ya meno waacheni na meno yao.

Diski ikiwa na afya, kuna njia rahisi hata kuliko ISO. Ndani yake utakuta folda iitwayo VIDEO_TS. Inakili yote kwenye kompyuta, HandBrake inaifungua kana kwamba ni diski. Humo kuna mafaili ya VOB yenye picha na sauti, ya IFO yenye mpangilio, na ya BUP ambayo ni akiba ya IFO. Wapo wanaochukua VOB peke yake, wanazibadilisha jina ziishie na mpg, wanaridhika. Lakini VOB haivuki gigabaiti moja, kwa hiyo harusi ya saa mbili inakatwa vipande vinne au vitano, na mkato haungoji sentensi iishe. Shehe anaanza kutaja mahari katika faili moja, anaimalizia katika jingine.

Diski mgonjwa ndiyo inayohitaji subira, na hapo natumia ddrescue. Ni programu huria inayokaa kwenye Linux. Mimi nawasha Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, kutoka kwenye flashi bila kuigusa Windows yangu. Kwenye Ubuntu kifurushi chake kinaitwa gddrescue, na ipo nyingine yenye jina linalokaribiana ambayo siyo. Amri ya kwanza huwa hii:

ddrescue -b 2048 -n /dev/sr0 harusi.iso harusi.map

Inachofanya ni kupita mbio mbio, kuchukua kila kinachosomeka bila ubishi, na kuandika kwenye faili la ramani mahali palipogoma. Baada ya hapo unaipa amri ya pili, ile ya -d -r3, irudi kwenye yale magumu tu na kuyajaribu upya. Uzuri wa ramani ni kwamba umeme ukikatika, na hapa kwetu hukatika, hakuna kilichopotea. Ukirudi unaandika amri ile ile, nayo inaendelea ilipoishia. Unaweza pia kuhamisha diski kwenye kisomeo cha laptopu nyingine ukaendelea na ISO ile ile. Visomeo viwili havina macho sawa. Kimoja kitashindwa pale ambapo kingine kinapita kama hakuna kitu.

Harusi iliyonifundisha thamani ya ramani hiyo ni ya mama mdogo, ya mwaka 2007. Diski mbili. Ya kwanza ilisomeka yote. Ya pili ilikwenda vizuri mpaka karibu na mwisho, kisha kisomeo kikaanza kukoroma.

Hapa lazima nieleze kidogo. Kisomeo cha DVD hakikupi data iliyoharibika nusu nusu. Kila kipande kimeandikwa pamoja na ziada ya hesabu ya kukirekebishia. Kikirekebika unapewa kizima, kisiporekebika unanyimwa. Na vipande hivyo hufungwa pamoja kumi na sita, kwa hiyo unachonyimwa kwa kawaida ni kilobaiti 32 kwa mkupuo. Kwa video hiyo ni sehemu ndogo sana ya sekunde. Ila MPEG-2, mtindo wa video uliomo kwenye DVD, hauhifadhi kila picha nzima. Nyingi ni tofauti tu kati ya picha moja na nyingine. Kikipotea kidogo, doa linabaki kwenye kioo mpaka picha nzima inayofuata ifike, kama nusu sekunde hivi. Kwa hiyo mashimo madogo madogo yaliyotawanyika wala hayaniumizi kichwa. Sura ya mtu inavunjika vigae, inarudi, sherehe inaendelea. Ya mama mdogo hayakuwa mashimo. Yalikuwa dakika kadhaa zilizofuatana, zote mwishoni.

Nilipomweleza bibi akanyamaza, kisha akaniuliza, "Ni pale wanawake wanapocheza baada ya keki?" Nikamwambia naona ni hapo. Akasema, "Hapo ndipo yupo dada."

Dada yake, bibi mkubwa, alifariki miaka michache baada ya harusi ile. Alikuwa mtu wa kukwepa kamera. Picha zake zipo chache na katika zote amekaa. Siku ile peke yake ndiyo aliingia kati akacheza chakacha, na mpiga video akawahi.

"Zilichomwa tatu," bibi akaendelea. "Moja yetu, moja ya shangazi yako aliyelipia video, moja ya upande wa bwana harusi." Ya shangazi ilikwenda naye Muscat na ikapotea katika kuhamahama nyumba. Iliyobaki ilikuwa Pangani, kwa mama wa bwana harusi. Na ndoa yenyewe ilikwisha zamani, tena haikuisha kwa wema.

Nilikwenda. Bibi hakuniruhusu niende mkono mtupu, akanifungia kilo za sukari na doti ya kanga. Yule mama alinitambua kwa sura.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni wa kule Tanga kwa kina…"

"Ndiyo, mama."

Akaniandalia chai kabla ya kuniuliza shida yangu, nami nikasubiri niulizwe. Niliposema diski ya harusi, akaweka kikombe chini. "Wameachana, na kila mmoja ana wake. Video mnaitakia nini?"

"Walioachana ni wao, mama. Waliocheza ni sisi wote." Nikamtajia bibi mkubwa.

Akacheka, kwa sababu alimkumbuka. Kisha akanitajia wa kwake waliomo mle: mume wake, na wifi yake aliyepika pilau ya siku ile, wote wametangulia. Diski aliitoa chini ya godoro, ndani ya bahasha, ndani ya mfuko wa nailoni. Sharti lake lilikuwa irudi kwa mkono wangu mwenyewe, na chochote nitakachotengeneza naye apate.

Sasa hapa kuna jambo ambalo sikuliona limeandikwa popote kwa ajili ya watu wa harusi, ingawa waandishi wa ddrescue wamelitaja katika maelekezo yao. Ikiwa diski mbili zimechomwa kutoka kwenye faili moja la studio, basi kila kipande cha hii kina mwenzake mahali pale pale kwenye ile. Vidonda ndivyo vinavyotofautiana. Iliyokaa droo ya Tanga imeumia ukingoni. Iliyolaliwa Pangani imeumia mahali pengine. Unachofanya ni kuweka diski ya pili kwenye kisomeo, halafu unaendesha ddrescue kwa ISO ile ile na ramani ile ile. Programu haijui kwamba umebadilisha diski. Inatazama ramani, inaona mahali palipogoma, inakwenda kupaomba huko.

Lakini hakikisha kwanza ni pacha. Fungua VIDEO_TS za diski zote mbili, linganisha ukubwa wa kila faili mpaka baiti ya mwisho, na tarehe na saa yake. Vikilingana vyote, endelea. Visipolingana, maana yake mpiga video aliitengeneza kila moja kivyake, na ukizichanganya utapata uji. Katika hali hiyo chukua ISO mbili tofauti, geuza kila moja, kisha unga sehemu nzima ya hii na sehemu nzima ya ile. Zetu zililingana. Zile dakika za mwisho zilijaa karibu zote, vikabaki vipande vichache ambavyo diski zote mbili zilikataa, na kwenye kioo ni mgando wa kupepesa jicho wakati MC anatangaza zawadi ya majirani.

Baada ya hapo ugeuzaji ulikuwa kazi nyepesi, isipokuwa jambo moja ambalo watu wengi huliacha na linaharibu ngoma yote. Video za enzi hizo zilipigwa kwa mtindo wa PAL, picha 25 kwa sekunde, lakini kila picha imegawanywa nusu mbili: mistari ya witiri imepigwa wakati mmoja, ya shufwa moja ya hamsini ya sekunde baadaye. Televisheni za mgongo zilizionyesha kwa zamu, jicho halikugundua. Kompyuta na simu zinazionyesha pamoja. Mtu akisimama tuli hakuna shida. Akitikisa kiuno, pembeni mwake panachanika mistari kama meno ya kitana. Ukiigeuza hivyo hivyo, mistari inachomelewa ndani ya faili na kuitoa baadaye ni shida kubwa.

Dawa iko kwenye HandBrake, sehemu ya Filters, penye Deinterlace. Mimi huchagua Bwdif, na kwa sehemu za ngoma naiweka kwenye Bob, ambayo inaifanya kila nusu kuwa picha kamili, hivyo unapata picha 50 kwa sekunde badala ya 25. Mwendo unakuwa laini kama ulivyokuwa kwenye televisheni ya zamani. Ukianza na mpangilio uitwao Fast 576p25, kumbuka kuinua kasi ya picha iwe 50, maana mpangilio huo umejifunga kwenye 25 na utatupa nusu ya kazi uliyoifanya. Ubora nauweka RF 19 au 20. Namba ikishuka ubora unapanda na faili linanenepa. Ukubwa nauacha 576 kama ulivyo, na palipoandikwa Anamorphic naacha Automatic, vinginevyo watu wanatoka wembamba au wamejaa mashavu.

Vijana hunishauri nipitishe video kwenye programu za akili bandia ili iwe ya 4K. Nimeona matokeo yake. Mikunjo ya uso inafutwa, macho yanachorwa upya, meno yanaongezwa. Bibi yangu anataka kumwona dada yake, hataki kumwona aliyebuniwa.

Sauti ilikuwa na huzuni yake. Studio ilikuwa imefuta sauti ya ukumbini na kumwaga taarabu juu, mwanzo hadi mwisho, isipokuwa kwenye akdi na hotuba. Hilo hakuna programu ya kulirudisha.

Mambo mengine nayapitia haraka. Chagua muundo wa faili wa MKV kama umeme wako si wa kuaminika na betri ya laptopu imechoka: faili la MP4 huandikiwa fahirisi yake mwishoni, likikatwa njiani kwa kawaida halifunguki kabisa, ilhali MKV iliyokatwa hucheza mpaka ilipofikia. Ikimalizika salama, programu ya ffmpeg inaihamishia kwenye MP4 kwa dakika chache bila kuigeuza upya, kwa amri ya -c copy. HandBrake ipakue kwenye tovuti yake yenyewe, handbrake.fr, usikubali kuwekewa na kijana wa kibanda kutoka kwenye flashi yake. Hata tovuti halisi iliwahi kuvamiwa: Mei 2017 mojawapo ya seva zake ilibadilishiwa faili la Mac, na kwa siku chache baadhi ya waliopakua walipata virusi vya Proton. Namba za uhakiki zinazowekwa pale zina kazi yake. Na faili likiisha, litazame mwanzo, katikati na mwisho kabla hujasema kazi imekwisha, hasa mwishoni, ukiangalia kama midomo na maneno vinakwenda pamoja. Diski iliyokuwa na mashimo hupenda kuachanisha viwili hivyo.

Majirani waliposikia, wakaja na filamu za kununua. Hizo nazikataa. Nyingi zimefungwa kwa kufuli ya kuzuia kunakili, HandBrake yenyewe haizifungui, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ipo. Mimi ni mwalimu, sitaki kwenda kujieleza mbele ya mkuu wa shule.

Jambo ambalo sikulitegemea lilikuja wakati wa kugawa. Harusi za kwetu zina sehemu ambazo wanaume hawaingii. Mpiga video wa sehemu hizo alikuwa mwanamke, wanawake wamevua mabuibui, wamejipamba, wanacheza kwa raha zao wakijua ukuta unawaficha. Kwa miaka yote diski ile ilikuwa na mlinzi: droo, na ufunguo uliofungwa kwenye pindo la kanga ya bibi. Mwanamume wa ukoo akitaka kuitazama harusi alipewa Disk 1. Nilipomwonyesha bibi kwamba sasa yote yameingia kwenye kitu kisichozidi ukucha, alifurahi, kisha akafikiri.

"Na ikishaingia kwenye simu, nani ataizuia?"

Sikuwa na jibu zaidi ya kugawa. HandBrake inakuruhusu kugeuza kipande tu cha diski, ama kwa sura (chapter) ama kwa sekunde. Sura za diski za nyumbani hazifai kwa hili, mara nyingi zimewekwa kila baada ya dakika kadhaa bila kujali kinachotokea, kwa hiyo nilitumia sekunde. Nikaketi na bibi na shangazi wa hapa Tanga, karatasi mkononi, tukaandika: hapa akdi, hapa wanaume ukumbini, hapa hotuba, hapa mlango unafungwa. Yakatoka mafaili mawili. La kwanza ni la kila mtu. Hilo nililituma kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, kama hati na si kama video, kwa sababu ukilituma kama video linakandamizwa mpaka nyuso zinayeyuka. Kama hati linafika kama lilivyo, na tangu 2022 wanapokea hati mpaka gigabaiti 2.

La pili lipo kwenye flashi ya bibi, na nakala nyingine kwenye hadi diski yangu ndani ya faili la 7-Zip lenye nywila. Shangazi wa Muscat alipiga simu mara kwa mara akitaka atumiwe, akisema yeye ndiye aliyelipia video. Bibi akamjibu, "Ukija likizo utaikuta." Nilidhani ni ukali wa kizamani mpaka nilipoona la kwanza, lile la kila mtu, limekatwa vipande na kuwekwa kwenye status za watu nisiowajua kabla ya jua kuzama.

Nimeshawasikia wenye studio wakisema kazi yao imerahisishwa tangu waache diski na kuanza kukabidhi flashi. Kwao ndiyo. Lakini sijamsikia hata mmoja akimwuliza mteja sehemu ya wanawake iwekwe wapi.

Ikabaki ahadi ya Pangani. Nilirudisha diski kwa mkono wangu, ndani ya bahasha ile ile, pamoja na flashi mpya yenye mafaili yote mawili. Yule mama aliigeuza flashi kiganjani akanirudishia. Televisheni yake ni ya mgongo na deki yake inafanya kazi mpaka leo. Yeye anataka diski nzima isiyokwama. Kwa hiyo nilirudi Tanga, nikachukua ISO ile iliyojazwa kutoka pande mbili, nikaichoma kwenye diski mpya kwa kasi ya chini kabisa ambayo kisomeo kiliruhusu. Ikatoka na menyu yake, picha ya maharusi ndani ya moyo, na taarabu ile ile. Nikampelekea kwa dereva wa basi. Siku ya pili akapiga simu kuagiza nyingine mbili, za binti zake walioko Handeni, na tangu hapo natafuta diski tupu madukani. Mwenye duka la vifaa vya ofisi karibu na stendi alikuwa na boksi moja limejaa vumbi, akaniuliza bado watu wanatumia hizi.